Kigumba Usoni mwa Mwana wa Mfalme: Uchambuzi wa Jeraha la Shrewsbury, 1403

Jumamosi tarehe 21 Julai 1403, katika vita vilivyopiganwa nje kidogo ya mji wa Shrewsbury nchini Uingereza, mshale ulimpata Henry, mwana wa Mfalme Henry wa Nne, kando ya pua upande wa kushoto. Alikuwa kijana wa miaka 16. Waliomhudumia waling'oa uti wa mshale, lakini kigumba, yaani chuma cha mbele ya mshale, kikabaki ndani, kimezama inchi 6, yaani sentimita 15, na ncha yake imejikita kwenye mfupa wa nyuma ya fuvu. Aliyekitoa ni tabibu mpasuaji wa London aitwaye John Bradmore. Baadaye aliandika kwa Kilatini kazi yote: vifaa alivyotengeneza, dawa alizopaka, na muda kidonda kilichochukua kusafika. Ni nadra sana kupata maelezo ya aina hiyo kutoka zama zile, jeraha moja la mshale likifuatwa tangu chuma kilipoingia hadi nyama ilipoota upya.

Maelezo hayo yanatuwezesha kukitazama kigumba kwa namna ambayo mabishano ya kawaida hayaruhusu. Watu wengi wanaopenda habari za pinde na mishale huuliza jambo moja tu: kinatoboa deraya, yaani vazi la chuma la vitani, au hakitoboi? Kutoboa ni mwanzo tu. Kigumba kinatakiwa kiingie, kikae, na kikiwa ndani kidhuru, na hakuna umbo linalofanya yote matatu vizuri. Kilichompata Henry, na kilichomwokoa, kiliamuliwa kwa sehemu kubwa juu ya fuawe, miezi au miaka kabla ya vita, na mhunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Pinde zilizokuwa uwanjani

Mfalme Henry wa Nne alikuwa akipambana na Henry Percy, mtoto wa ukoo wenye nguvu wa kaskazini, aliyejulikana kwa jina la Hotspur. Percy alikusanya wapiga mishale wa Cheshire, na mfalme naye alikuwa na wapiga mishale wake. Katika vita vya Crécy mwaka 1346 na Poitiers mwaka 1356, Waingereza waliwamiminia Wafaransa mishale kutoka kwenye pinde ndefu. Shrewsbury pinde hizo zilikuwa pande zote mbili, kwa wingi, na kila upande ulijua vema zinafanya nini.

Upinde wenyewe ulichongwa kwa mti wa Taxus baccata, ambao moyo wake huhimili kukandamizwa na mbao zake za nje huhimili kuvutwa. Ushahidi bora wa nguvu zake umetoka kwenye meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545, ambamo zilitolewa pinde 172 na maelfu ya nyuti za mishale. Ni miaka 142 baada ya Shrewsbury, lakini hakuna mkusanyiko ulio karibu zaidi na zama hizo ulio mkubwa kiasi hicho. Vipimo vinaonyesha kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 hadi 185. Mshale ulikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi, na uti wake ulikuwa mnene kama kidole cha mwisho cha mtu mzima.

Chukua upinde wa ratili 160 na mshale wa gramu 80. Mshale huo huondoka kwa kasi ya mita 50 na ushei kwa sekunde. Kwa mita 52, nishati yake ni jouli 108. Ukilinganisha na risasi ni kidogo, ila mshale una uzito na hupoteza kasi polepole hewani, na nishati yote hiyo hufikia mahali padogo sana. Udogo wa mahali hapo ndio kazi ya kigumba.

Kilikuwa kigumba cha aina gani?

Vigumba vya Uingereza vya karne za kati vimepangwa na watafiti katika aina nyingi. Kwa kisa hiki, familia tatu zinatosha.

Ya kwanza ni kigumba kipana cha kuwindia: bapa jembamba lenye makali pande mbili, mbawa zimerudi nyuma na kuwa kulabu, upana wa sentimita 3 hadi 5. Kazi yake ni kukata mishipa ili mnyama avuje damu. Ya pili ni kigumba kirefu chembamba mfano wa shazia ya kushonea magunia: chenye pande nne, hakina makali ya kukata, hakina mbawa, sentimita 10 au zaidi kikihesabiwa pamoja na tundu linalopokea uti. Hiki kilitengenezwa kupenya deraya ya pete. Ncha huingia ndani ya pete moja, pande nne zinaitanua, ribiti inayoifunga pete inaachia, na mshale unapita. Ya tatu ni kigumba kifupi cha vita chenye mbawa ndogo zilizobana karibu na mwili wake, urefu wa sentimita 4 hadi 6. Hiki kilienea sana kuanzia mwishoni mwa karne ya 14. Kinapenya vizuri, kinakata kidogo, na kulabu zake ndogo zinatosha kukifanya kigumu kutoka.

Bradmore hakutaja aina kwa jina, lakini kazi yake inaeleza mengi. Alikitoa kigumba kwa kukirudisha kinyumenyume katika njia ileile kilikoingilia, akikitikisa huku na huku, bila kupasua upande wa pili na bila kufunika kulabu zozote. Kigumba kipana hakitoki hivyo usoni. Kingeng'oa mishipa na taya. Kwa hiyo kilikuwa ama shazia laini, ama kile kifupi chenye mbawa ndogo mno. Sisi tunaelemea kwenye shazia, kwa sababu ya kina na kwa sababu chuma kilikubali kutikiswa bila kurarua.

Juu ya fuawe

Inafaa kuona kinavyofuliwa, kwa maana kila hatua inarudi baadaye ndani ya jeraha.

Mhunzi huanza na nondo ya chuma laini ya milimita 8 hadi 10. Huanza na tundu, wala haanzi na ncha, kwa sababu anahitaji urefu wa nondo wa kushikia wakati wa kazi ngumu. Mwisho wa nondo hupigwa hadi utanuke kama upepeo mdogo, unene wa milimita moja na nusu hivi. Kisha kingo mbili za upepeo hukunjwa taratibu kuizunguka pini ya chuma iliyochongoka mpaka zikutane. Hapo panapatikana tundu lenye umbo la koni, na ubavuni mwake kuna mshono. Wahunzi wengine waliuchomelea mshono huo, wengine waliacha kingo zikigusana tu. Ukiangalia vigumba vya zamani kwa karibu, mshono huo ndio kitu cha kwanza jicho linachokiona.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tundu ni jembamba kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo hushika moto haraka. Mhunzi akilisahau kwenye makaa huku akisubiri mwili upate joto, tundu huungua, linatoa cheche na kuvunjika kama biskuti. Kosa la pili ni tundu kukaa upande. Ukikipachika kigumba cha namna hiyo kwenye uti na kuzungusha mshale vidoleni, ncha inachora duara badala ya kutulia. Mshale huo hautakwenda unakotumwa, na ukifika hautapiga wima.

Tundu likishakuwa tayari, nondo hukatwa na ncha hunyoshwa: pigo upande mmoja, zungusha robo, pigo tena, kwenye joto la rangi ya njano, hadi zipatikane pande nne zinazokwisha kwenye nukta. Chuma laini kikiachwa hivyo, ncha itapinda ikigonga bamba gumu. Dawa yake ni kuchomelea kipande cha chuma cha pua kwenye ncha, kisha kukizamisha kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, na kukipasha tena kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Hatua hizo hula makaa na muda, na mhunzi aliyepewa oda ya maelfu ya vigumba alikuwa na kila kishawishi cha kuziruka. Uchunguzi wa maabara kwenye vigumba vilivyobaki umeonyesha kwamba shazia ndefu nyingi ni chuma laini tupu, na kwamba chuma cha pua hupatikana zaidi kwenye vigumba vifupi vyenye mbawa ndogo. Matokeo hayo yanakwenda kinyume na imani ya wengi kwamba shazia ndiyo iliyokuwa ya kutoboa bamba.

Mwisho ni kupachika. Mwisho wa uti huchongwa koni inayolingana na tundu, unaingizwa kwa nguvu, na hushikizwa kwa gundi ya ngozi au mifupa, kwa nta, au kwa kubana tu. Vigumba vingine vilipigiliwa pini ndogo ubavuni, lakini pini ni kazi ya ziada, na jeshi lilihitaji mishale kwa mafungu ya 24, mafungu maelfu kwa maelfu.

Jinsi kilivyoingia, na kwa nini kilisimama

Mtu wa cheo cha Henry aliingia vitani akiwa na deraya ya mabamba kifuani na miguuni, na deraya ya pete shingoni. Dhidi ya bamba nzuri la kifua, mshale haukuwa na nafasi kubwa. Mwaka 2019 yalifanyika majaribio Uingereza kwa upinde wa ratili 160 dhidi ya bamba la kifua lililofuliwa kwa kufuata mifano ya wakati ule. Mishale iliacha alama, ikavunjika au kuteleza, na kifua kikasalimika. Mapigano ya kweli yaliamuliwa pembeni mwa mabamba: kwapani, shingoni, nyuma ya goti, na usoni kwa kila aliyeinua kifuniko cha chapeo ili apumue, aone, au apaze sauti ya amri.

Usoni hakuna bamba. Kando ya pua, mfupa wa taya la juu ni mwembamba kama ganda, na nyuma yake kuna uwazi wenye hewa. Shazia ikipita hapo haipati upinzani wa maana. Bradmore anasema mshale uliingia kwa kukingama, maana yake haukwenda moja kwa moja kuelekea ubongo. Ulipita chini na pembeni mpaka ukakutana na mfupa mnene wa sehemu ya nyuma. Huko ncha ilijisokomeza na kukwama.

Wembamba wa kigumba ulifanya kazi mbili zinazopingana. Uliruhusu chuma kufika sentimita 15 ndani, mahali ambapo bapa pana lingekwama mapema. Lakini wembamba huohuo, pamoja na kukosa makali, ulifanya kisukume kando kilichokuwa njiani zaidi ya kukikata. Upande ule wa kichwa kuna mishipa mikubwa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo. Bapa la kuwindia lingehitaji kuugusa mmoja tu. Shazia ilipenya katikati ya vitu na kuviacha vizima. Kigumba kilichoundwa kupita kwenye chuma ni dhaifu kiasi kinapokuwa ndani ya nyama, na udhaifu huo ndio uliompa Henry siku zilizofuata.

Kwa nini uti ulitoka peke yake

Gundi ya wanyama hushika vizuri ikiwa kavu. Ikilowa hulegea, na ndani ya jeraha kuna unyevu na joto la kutosha. Nta nayo hulainika kwenye joto la mwili. Ongeza kwamba tundu la koni hushika uti likisukumwa mbele na huuachia likivutwa nyuma, na jibu limepatikana: aliyeushika uti na kuuvuta alipata kijiti mkononi, chuma kikabaki kwenye mfupa.

Wapo wanaosema mishale ya vita ilipachikwa kwa ulegevu makusudi ili kigumba kibaki ndani. Inawezekana baadhi ilikuwa hivyo, lakini haraka ya utengenezaji pekee inatosha kueleza jambo hili. Kwa majeruhi, sababu haibadilishi kitu. Kosa la kawaida la uwanjani ni kuvuta kwanza na kufikiri baadaye. Uti ukiwa bado ndani, mpasuaji anaona mwelekeo, anajua kina, na ana mpini wa kushikia. Ukishatoka, mdomo wa kidonda huanza kujifunga na njia inapotea.

Henry alipelekwa kwenye ngome ya Kenilworth. Matabibu mbalimbali walifika wakisema watakitoa chuma kwa dawa za kunywa na tiba nyingine, wakashindwa. Dawa haiwezi kuulegeza mfupa unaobana chuma. Kisha akaitwa Bradmore.

Kazi ya Bradmore

Hakuanza kwa kuvuta. Alianza kwa kupanua njia. Alichukua moyo laini wa matawi makavu ya Sambucus nigra, mti uliokomaa, akauchonga vijiti vya urefu wa kidonda, akavishonea ndani ya kitani safi, akavilowesha kwenye asali ya waridi na kuviingiza. Tambi hizo zilipofyonza majimaji zilivimba, zikaitanua njia bila kisu. Alipotoa za kwanza aliweka nene na ndefu zaidi, akaendelea hivyo hadi kidonda kilipokuwa na upana aliotaka, na tambi zikafika chini kwenye chuma.

Asali hapo haikuwa pambo. Ina sukari nyingi inayowanyang'anya vijidudu maji, ina ukali wa asidi, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu. Bradmore hakujua lolote kuhusu vijidudu. Alijua kwamba kidonda cha asali hakinuki upesi.

Kisha akaunda kifaa. Anakieleza kuwa koleo dogo lenye uwazi ndani, unene wake sawa na mshale, na katikati yake inapita skrubu. Ncha za koleo zilikuwa za mviringo, ndani na nje, na ncha ya skrubu nayo ilikuwa ya mviringo. Kila neno hapo lina sababu. Unene wa mshale: kwa sababu kifaa kilipaswa kuingia mahali uti ulipokuwa, ndani ya tundu la kigumba. Mviringo wa nje: ili kisichane nyama njiani. Skrubu: ikizungushwa inasukuma mikono ya koleo kutanuka, nayo inabana kuta za tundu kutoka ndani.

Piga hesabu ndogo. Kama kigumba kilikuwa na urefu wa sentimita 6 na ncha yake ipo sentimita 15 ndani, basi mdomo wa tundu ulikuwa sentimita 9 chini ya ngozi. Kama kilikuwa cha sentimita 10, mdomo ulikuwa sentimita 5. Kwa vyovyote, Bradmore alikuwa akitafuta gizani, kwa kugusa tu, shimo lenye upana wa sentimita moja hivi. Ndiyo maana anasisitiza kwamba alikiingiza kifaa kwa kukingama vilevile mshale ulivyoingia. Angepotea nyuzi chache tu, koleo lingepita kando ya tundu na kusukuma chuma au nyama.

Kukishika kigumba kwa nje kusingewezekana bila kidonda kupanuliwa karibu mara mbili, kwa kuwa mikono ya koleo ingehitaji nafasi ya kukizunguka. Kukishika kwa ndani hakuhitaji nafasi yoyote ya ziada. Lakini kuna hatari yake, na hapa mshono wa mhunzi unarudi. Skrubu ikikazwa kidogo mno, koleo linateleza na kutoka tupu. Ikikazwa kupita kiasi, mshono wa tundu unafunguka, tundu linapasuka na kuwa kubwa, kingo zake zinachoma nyama, na hakuna tena pa kushika. Kati ya makosa hayo mawili kulikuwa na nafasi ya mizunguko michache ya skrubu.

Koleo lilipokaza, Bradmore hakuvuta kwa nguvu moja. Anaandika kwamba alikitikisa huku na huku, kidogo kidogo, na kwa msaada wa Mungu akakitoa. Kutikisa ndiyo namna sahihi ya kuondoa chuma chenye pande nne kwenye mfupa: kila upande unapoachia nafasi ndogo, mfupa unalegeza mbano. Kukizungusha kungesaga mfupa kwa kona nne za chuma, na kuvuta moja kwa moja kungeweza kulichomoa koleo na kuacha kigumba palepale. Waungwana na watumishi wa mwana wa mfalme walikuwa wamesimama hapo, nao wote wakamshukuru Mungu.

Tundu lilelile lililoruhusu uti utoke na chuma kibaki ndilo lililokuwa mlango wa kukitolea chuma. Kigumba cha msuka, kile chenye mkia wa chuma unaochomekwa ndani ya uti, kama jembe linavyochomekwa kwenye mpini, kisingempa Bradmore mahali pa kuingiza kitu. Angekutana na kamsumari kembamba kanakoelekea juu, na koleo lenye skrubu lisingekuwa na kazi.

Siku 20 zilizofuata

Kidonda kilisafishwa kwa divai nyeupe iliyorushwa kwa bomba dogo. Kisha zikaingizwa tambi mpya za nyuzi za kitani zilizopakwa marhamu. Anatoa namna ya kuitengeneza: mkate mweupe mdogo unayeyushwa kwenye maji na kuchujwa kwa kitambaa, unaongezwa unga, shayiri na asali, unachemshwa kwa moto mdogo mpaka uwe mzito, mwisho inatiwa tapentaini ya kutosha.

Kila baada ya siku 2 alizifupisha tambi. Hilo ni jambo dogo kusoma na kubwa kutenda. Kidonda chembamba na kirefu kikifunga mdomo kabla ya chini kupona, usaha hubaki ndani na kutafuta njia nyingine. Kwa kufupisha tambi taratibu, alikilazimisha kidonda kijae kutoka chini kuja juu. Ndani ya siku 20 kilikuwa kimesafika, ndipo akapaka marhamu nyeusi ya kuotesha nyama.

Muda wote huo, asubuhi na jioni, aliipaka shingo ya Henry dawa ya kulainisha misuli na kuweka juu yake plasta ya moto. Anasema wazi alichokiogopa kuliko vyote: kukakamaa kwa misuli. Sisi tunaijua hatari hiyo kwa jina la pepopunda. Plasta ya shingoni haiizuii. Vijidudu vyake hustawi pasipo na hewa, na mfereji wa sentimita 15 wenye chuma cha uwanjani ndani yake ni makazi yao hasa. Kilichosaidia, ikiwa kipo, ni kidonda kuachwa wazi na kusafishwa kila mara. Henry aliishi, akawa Mfalme Henry wa Tano, akawaongoza wapiga mishale wake kwenye vita vya Agincourt mwaka 1415, na akafa mwaka 1422 kwa maradhi ya kuhara damu.

Kama kigumba kingekuwa kingine

Kile kifupi chenye mbawa ndogo kingewezekana kutolewa, ila Bradmore angelazimika kupanua zaidi ili mbawa zisishike kwenye ukingo wa mfupa wakati wa kurudi. Karne 4 kabla yake, Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mpasuaji wa Andalusia, alikuwa amekwisha kuandika kwamba mpasuaji lazima kwanza ajue umbo la chuma: kama kina masikio au ni laini, kama kina pande tatu au nne, kama kina tundu au ni kizima. Chuma laini kinaweza kuvutwa kilikoingilia. Chenye masikio huenda kikalazimika kusukumwa kitokee upande wa pili. Kwa Henry, upande wa pili ulikuwa nyuma ya fuvu.

Kigumba kipana kingemaliza habari palepale. Ndiyo maana wawindaji hukipenda. Mnyama havai deraya, na mwindaji anataka damu nyingi na njia fupi ya kufuatilia. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hufua bapa pana kutokana na misumari, wakiigonga ikiwa baridi, kwa ajili ya mishale isiyo na sumu. Mishale yenye sumu wao huipa ncha zenye kulabu. Mantiki yake inaeleweka mara moja. Bapa linaua kwa kukata, kwa hiyo kukaa ndani si sharti. Sumu inahitaji muda wa kuingia kwenye damu, hivyo kigumba hakina ruhusa ya kudondoka mnyama anapokimbia kupita kwenye vichaka. Wakamba nao, wanaotumia sumu ya msunguti, hutengeneza mshale ambao sehemu ya mbele huachana na uti mkubwa, ili uti ukinaswa na miti usije ukakichomoa chuma. Kile ambacho Shrewsbury huenda kilitokana na gundi iliyolowa, kwao ni usanifu uliokusudiwa.

Kwa hiyo anayeuliza kigumba kipi ni bora zaidi anapaswa kwanza aseme anamlenga nani, amevaa nini, na anataka nini kitokee dakika ya 10 baada ya mshale kuingia. Bapa pana dhidi ya deraya ya pete hupoteza nishati yake kwa kujaribu kukata pete nyingi kwa pamoja. Shazia dhidi ya swala hutoboa tundu dogo ambalo misuli hulifunga, na mnyama hukimbia mbali akafie mahali asikoonekana. Kila moja ni silaha mbovu kwenye kazi ya mwenzake.

Sheria ya 1406

Miaka mitatu baada ya Shrewsbury, mfalme yuleyule, baba wa majeruhi, alipitisha sheria kuhusu wahunzi wa vigumba. Sababu yake imeandikwa ndani: walikuwa wakitengeneza vigumba vingi vibovu. Sheria iliagiza vigumba vyote vya mishale vichomelewe vizuri na vigumuishwe kwenye ncha kwa chuma cha pua, na kila kimoja kiwe na alama ya aliyekifua. Vilivyokosa sifa hizo vilitaifishwa, na mhunzi aliadhibiwa.

Serikali ililenga mahali ambapo udanganyifu ulikuwa rahisi zaidi. Kwa macho, ncha ya chuma laini na ncha ya chuma cha pua hazitofautiani zikishapigwa msasa. Tofauti huonekana kwenye bamba la adui, na wakati huo mhunzi ameshalipwa. Alama iliyogongwa ubavuni mwa tundu ilimaanisha kwamba kigumba kilichopinda kingeweza kurudishwa mlangoni kwa aliyekitengeneza. Urefu, upana, mbawa na namna ya kupachika kwenye uti viliachwa kwa mhunzi, kwa mtengeneza mishale, na kwa aliyetoa oda.